Vema Kabla ya Swali

Uliyeokota daftari hili, lifunge. Ukishindwa, soma, lakini neno lisikutoke, hasa mbele ya mtu wa idara yetu. Nakusihi. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja.

Jumatatu, 4 Machi

Wagonjwa tisa wa endoskopi. Jina, umri, kijiji, simu ya ndugu, kisha mstari wa mwisho: amefunga kula? Natia alama ya vema. Fomu inakwenda kwa Sista Eliaichi, anasaini, mgonjwa anaingia, Dokta anampitishia mpira wenye kamera kooni hadi tumboni. Saba leo walikuwa na vidonda vya tumbo.

Tangu Januari natia vema kwenye fomu zote kabla sijafungua dirisha la mapokezi. Foleni inakwenda haraka. Kila mtu hujibu ndiyo. Najua ni vibaya. Nimekiri hapa tu.

Jumanne, 5 Machi



Mzee Anaeli, mkulima wa kahawa, anatoka milimani juu ya Kikatiti. Chakula kinamkwama kifuani. Shikamoo, marahaba. Akasema mwenyewe, "Sijala, mwanangu." Vema ilikuwapo tangu alfajiri. Sikuuliza zaidi. Akaingia.

Bintiye alibaki kwenye benchi. Akafungua kikapu kutafuta kitambulisho cha baba, nikaona kibuyu. Nikauliza kina nini.

"Kilikuwa na maziwa mgando. Baba amekimaliza saa kumi na mbili. Bila hayo angefikaje huku?"

Ilikuwa saa mbili na nusu. Nilikimbia. Sijawahi kuingia chumba kile bila kubisha. Dokta alikuwa ameshika sindano ya usingizi. Nikasema amekunywa maziwa. Sindano ikarudi kwenye trei.

Aliyekasirika zaidi ni Mzee. "Kwetu mtu aliyekunywa maziwa hajala. Amejishikiza tu."

"Mzee wangu," Dokta akasema, "ukiwa usingizini yakapanda, yataingia kwenye mapafu. Hapo tutakupoteza kwa kipimo, siyo kwa ugonjwa."

Ndipo ikajulikana kwamba ana wiki tatu hajameza ugali wala ndizi. Maziwa tu. Mtu kama huyo, alisema Dokta, hata kufunga kwa kawaida hakutoshi, maana chakula hukaa juu ya palipobana.

Kisha akamuuliza Sista kwa nini alisaini. Sista akaitazama vema yangu. Akanitazama. Hakunitaja. Na mimi sikukiri. Mwoga mkubwa.

Jumatano, 6 Machi

Sista kaandikiwa barua ya kujieleza. Miaka kumi na tisa kazini, ya kwanza. Aliniletea chai kama kawaida. Niliiacha ikapoa.

Leo pia nilitia vema mapema. Fomu tano. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikazifuta.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesema.

Saa moja na robo, kabla ya wagonjwa. Nilimpelekea Dokta fomu nane za leo, zote zina vema. Nikamwambia watu hawa hawajatoka hata majumbani kwao. Hivi ndivyo nilivyofanya kwa Mzee Anaeli. Sista aliniamini, basi.

Alizipitia moja moja. Akanipa nizichane mwenyewe. Nikachana, yeye akinitazama. Nitapata onyo la maandishi. Barua ya Sista imefutwa. Akaniagiza niandike upya ule mstari wa mwisho, kwa maneno ambayo mtu wa ng'ombe na mtu wa migomba watayajibu sawa.

Sista alisikia yote mlangoni. "Kumbe wewe ndiye unayewafungia watu kwa niaba. Basi nimalizie na Kwaresima yangu, imenishinda."

Nililia chooni. Kisha nikafungua dirisha.

Mstari mpya: *Kitu gani cha mwisho kimepita mdomoni mwako, hata maji, hata maziwa, na saa ngapi?* Naandika jibu. Hakuna kisanduku cha vema. Ni mstari mzuri.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee Anaeli karudi. Siku mbili za maji na supu iliyochujwa. Nikamuuliza ule mstari wote.

"Maji, jana saa tatu usiku. Kibuyu nimekiacha nyumbani, usije ukanikimbilia tena."

Kipimo kilikwenda salama. Umio, njia ya chakula, umebana sehemu ya chini. Dokta kachukua vinyama sita vya kupima, majibu baada ya wiki mbili. Majibu yatakuwa ya ugonjwa wake, si ya maziwa kwenye mapafu. Bintiye kamshika mkono, wakatoka polepole.

Mlima ulikuwa wazi, bila wingu, asubuhi nzima. Nilikunywa chai ya Sista yote.

Daftari hili likipotea, usipige simu wala usimpe mlinzi. Njoo nalo siku ya kazi, kabla ya saa mbili, dirisha la pili ukipita maabara. Simama kwenye foleni kama wengine. Nitakapokuuliza umekunywa nini na saa ngapi, nijibu kweli, kisha lipitishe chini ya kioo.