Mpira Unaotaka Kimya

Jumatatu, 3 Novemba

Vifuniko vya macho vinne tayari, viwili vimebaki. Kitambaa cha suti nyeusi ya mtumba, sponji ndani, lastiki nyuma. Nimejaribu kimoja hapa kibandani, soko la Kibuye. Mwanga bado unapenya kando ya pua. Nimefumua. Mteja wa sketi akauliza nashona nini. Nikamwambia, kitu cha kumzuia mtu asione. Akakumbuka ana haraka.

Aliyeagiza ni Ouma, mdogo wangu. Surua ilimchukulia macho akiwa na miaka minne. Sasa anacheza mpira wa kengele. Watu watatu kila upande, goli pana kama ukuta mzima. Mpira unaviringishwa kwa mkono, wanaozuia wanajitupa chini kwa ubavu. Swali langu: kama haoni, kifuniko cha nini? Anasema wengine kwenye timu wanaona kidogo. Lazima wote wawe sawa. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepeleka vifuniko mazoezini. Ukumbi wa kanisa hapa Migosi, mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani. Nilivaa vile vidude vikubwa vya kuziba masikio, vya mafundi wa kiwandani. Huwa navivaa popote penye mechi. Mwalimu Wekesa, kocha wao, akaniambia nivue. Hapa hakuna kelele, Madam. Nikacheka moyoni. Mchezo usio na kelele nimeuona wapi?

Kweli, hakuna. Refa anasema, "Kimya." Ukumbi unanyamaza. Hata kukohoa ni kosa, kwa sababu wachezaji wanaufuata mpira kwa masikio. Kengele ndani ya mpira, viganja vikigonga sakafu, basi. Bao likiingia ndipo watu wanashangilia, mpaka refa aseme tena.

Mistari ya uwanja ni kamba iliyolazwa chini ya utepe wa gundi. Wanaipapasa kwa vidole wajue walipo. Nilipiga magoti nikaipapasa pia. Akili ya nani hiyo?

Nimekaa dakika arobaini. Kichwa hakikuuma. Naandika tena: kichwa hakikuuma.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeshindwa kushona. Nimewaza michezo siku nzima.

Napenda mpira kuliko wanaume wengi ninaowajua. Lakini mpira wenyewe haunitaki. Nikiwa na miaka tisa Baba alinipeleka uwanjani. Ngoma na tarumbeta zilipoanza niliingiza kichwa ndani ya koti lake, nikatapika. Shuleni nilicheza netiboli, mfungaji. Fainali wasichana walianza kupiga mitungi na vijiko. Niliondoka uwanjani mapumzikoni, nikajificha chooni. Tulishindwa. Hakuna aliyenisemesha wiki nzima.

Daktari aliniambia masikio yangu hayana chujio. Kila sauti inaingia na viatu vyake. Watu husema ni maringo. Mama husema nililelewa kama yai, na aliyenilea ni yeye.

Kwa hiyo natazama televisheni ikiwa imezimwa sauti. Sijawahi kukaa kwenye mechi hata moja mpaka filimbi ya mwisho. Nina miaka thelathini na sita.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo wamenivisha kifuniko changu mwenyewe, wakaniweka golini. Nilidhani masikio haya yatanifanya bingwa. Wapi. Nilisikia mabati yakitanuka kwa jua, njiwa darini, tumbo la Wekesa. Mpira wa kwanza ulinipiga tumboni. Wa pili ulipita nyuma yangu nikiwa nimelala upande mwingine kabisa. Una uzito wa pakiti ya unga ya kilo moja na chenji.

Ouma alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, wewe unasikia yote. Ndiyo maana husikii moja."

Akanifundisha. Nisiukimbilie mlio. Nitulie, nisikilize unakoenda. Nimezuia mpira mmoja kati ya kumi na miwili. Nina alama nyeusi mbavuni na nimefurahi kijinga.

Jumatano, 12 Novemba

Mechi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Wanakuja timu ya Awasi. Ouma amenialika, kisha akaongeza, "Lakini usitoke nusu. Wewe hutokanga nusu."

Imeniuma. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nimeahidi nitakaa mpaka mwisho.

Jumanne, 18 Novemba

Mama amepiga simu kutoka kijijini. Anakuja. Hajawahi kumwona Ouma akicheza.

Sasa nina hofu, na si ya kelele za watu. Ni ya sauti moja. Tangu Ouma apoteze macho, Mama amemwendesha kwa mdomo. Njia ya kwenda ziwani, shimo la choo, moto, ng'ombe wa jirani. *Koracham*, kushoto. *Korachwich*, kulia. Kutwa nzima, miaka na miaka. Hata akiwa anasonga ugali na mgongo amempa, anajua mguu wa Ouma uko wapi. Ouma yuko hai kwa sababu ya ule mdomo.

Wekesa, kwa heshima, amempangia akae benchi la timu awape wachezaji maji. Nikamwuliza kama anamjua mama yangu. "Mama ni mama," akasema. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 21 Novemba

Mama amefika na debe zima la omena, dagaa wa ziwani. Nimemweleza sheria mara tatu. Mpira ukiwa unatembea, asitoe neno. Akawa anasema "nimesikia, nimesikia" juu ya maneno yangu.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandika mara tu nilipofika nyumbani, kabla sijavua viatu.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Awasi walikuja na ngoma mbili, nyimbo na vigelegele. Vidude vyangu vya masikio vilikuwa kwenye mkoba. Bao la kwanza, kelele zikalipuka, nikavivaa. Refa akasema kimya, nikavivua. Hivyo hivyo, vaa, vua. Nilikaa. Kelele ambayo unajua itakatwa inavumilika. Hili nataka kulichunguza siku nyingine.

Mapumziko tatu kwa tatu. Mama alikuwa amegawa maji na kufunga mdomo kwa ncha ya leso. Nilimpenda sana saa ile.

Zikabaki dakika mbili. Tano kwa tano. Ouma alirusha, Awasi wakazuia, wakarudisha mpira wa kasi pembeni kabisa. Mama akasimama. "Korachwich, wuoda!"

Mwanangu, kulia. Ouma akaruka kulia. Akauzuia.

Watu wa kwetu wakapiga kelele za furaha. Refa akapuliza filimbi. Benchi likimwelekeza mchezaji, ni penalti. Na penalti ya namna hiyo anaizuia aliyerusha mwisho kwa timu yenye kosa, peke yake, goli zima. Ouma. Refa akamwonyesha Mama mlango.

Mama hakuelewa. "Si nimemsaidia?" Alimwuliza kila mtu, na kila mtu aliangalia sakafu. Alitembea kuelekea mlangoni taratibu, kiatu kimoja kimetoka kisigino. Nikamwangalia Ouma, amesimama katikati ya goli lake, uso kwenye kitambaa nilichoshona mimi. Nilikuwa nimeahidi. Nilimkasirikia Mama mpaka machozi. Kisha nikainuka nikamfuata.

Nje alikuwa ameketi juu ya tofali, chini ya matundu ya hewa, upande wa goli la Awasi. Nikaketi naye. Ndani wakanyamaza. Nikasikia kengele ikienda mbali, mwili ukianguka, wavu. Vigelegele vya Awasi. Mama alinitazama, nikatikisa kichwa. Akauma leso.

Mipira ikaenda na kurudi bila bao. Kisha kimya tena, sekunde za mwisho. Nilifumba macho. Viatu vya Ouma navijua, cha kushoto hulia. Hatua tatu. Kengele ikaanza kuja kwetu, chini chini, haidundi. Nikamnong'oneza Mama: amerusha. Unakuja. Unakuja pembeni. Mlio ukakatika kidogo, kama ngozi imegusa raba. Halafu chuma, mwimo wa goli. Halafu filimbi.

Sita kwa tano. Tumeshindwa.

Mama hakuwa amesema neno tangu tuketi.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda Kibuye; Jumapili huwa sifungui kibanda. Mama amekwenda kanisani na hajataka nimsindikize. Ouma alikuja saa nne kunywa chai. Wamepishana mlangoni. Ouma alimwita Mama, wakasimama kibarazani kitambo, amemshika mkono. Sikusikiliza. Niliwasha redio makusudi.

Akaingia, akakaa. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Ulitoka ikibaki ngapi?"

"Dakika mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Ningeona afadhali angekasirika.

Akakoroga sukari muda mrefu. Akasema ule mpira wake wa mwisho wamemwudhi nao tangu jana. Wekesa anasema aliurusha vibaya, ukaenda moja kwa moja kwenye mwimo. Refa vilevile. Hata wale Awasi. Wote wenye macho wanasema hakuna aliyeugusa. "Mimi nasema uliguswa. Wananiambia nisitafute visingizio."

"Uliguswa," nikasema. "Kidole. Kidole kwanza, ndipo chuma. Ulikuwa unaingia."

Akaacha kukoroga. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimesikia. Nilikuwa nje na Mama, chini ya matundu."

Nikamwambia yote. Hatua tatu, mpira usiodunda, ngozi juu ya raba, mwimo, filimbi. Alisikiliza amegeuza sikio upande wangu, anavyofanya golini.

"Basi hukutoka," akasema.

Chai ilikuwa imepoa. Tukainywa hivyo hivyo.