Mama Alivyomwonjea Kinyonga Dawa

Kolwezi, Dilala,
Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Guelord,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Afya yako inaendeleaje huko Dilolo? Kile kikohozi kiliisha? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, ila baridi ya mwezi huu inauma na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye sufuria. Namba yako haipatikani tangu ulipoenda kufanya biashara huko mpakani na Angola, ndiyo maana barua hii nampa Samy, dereva wa lori, anayeondoka kesho mchana.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Moyo wa Kapita, kinyonga wako, umechoka. Ulipomwokoa kwa watoto waliotaka kumpiga mawe njia ya Musonoi, ulimwambia Mama, "Ni mugeni wetu, mama, umuangalie," kisha ukaenda zako. Mama aliyekuwa akimwona tu anapiga kelele, leo umeme ukikatika anamsogezea mbabula, lile jiko la makaa, apate joto. Majirani wanasema tunafuga uchawi. Waseme, midomo ni yao.

Mwezi wa pili koo lake lilivimba kama mfuko wenye maji, akawa anafumba macho mchana kutwa. Nilimpeleka kwa Valérie, daktari wa mifugo, aliyezoea mbuzi na mbwa. Kwanza alicheka. Alipomshika akaacha kucheka, akaulizana na wenzake kwenye simu, kisha akasema moyo hausukumi damu vizuri na maji yanabaki mwilini. Akatengeneza dawa ya kutoa maji hayo, tone dogo tu la kumdondoshea mdomoni, akanionya nisithubutu kulipima kwa macho.

Dawa hiyo ni ileile Mama aliyoandikiwa hospitalini miguu yake ilipoanza kuvimba. Unajua alivyovificha vidonge vyake kwenye kopo la sukari. Papa wetu alifariki akiwa anameza vya aina hiyo, basi kwa Mama vidonge ndivyo vilivyomuua. Nililia, pasta alimsihi, wapi!

Lakini siku ya kwanza nilipotaka kumfungua Kapita mdomo, Mama alinishika mkono.

"Weye Jocelyne, unapatia mugeni kitu yenye wenye nyumba habayaonja? Atasema tunamuloga!"

Akaenda kwenye kopo, akatoa kidonge chake, akakimeza mbele ya kinyonga na kupiga funda la maji. "Sasa mupatie," akasema. Nikamdondoshea tone lake, nikiwaza kwamba huyu mnyama angefika zamani, ningeokoa machozi mengi.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi Mama kwanza, mgeni baadaye. Miguu ya Mama ikapungua uvimbe, kanisani akawa anaenda kwa mguu, na daktari wa hospitali akamsifu. Wewe mpongeze uone! "Mi siko mugonjwa," anajibu. "Naonjea mugeni tu."

Tabu imeanza upya wiki iliyopita. Koo la Kapita limevimba tena. Valérie aliongeza dawa kidogo, akaniita pembeni na kuniambia kwamba ni mzee na moyo ule hauna safari ndefu. Sipati usingizi, Guelord. Simlilii kinyonga, ingawa naye nimempenda. Naogopa kwa ajili ya Mama, maana mgeni akienda, atamwonjea nani? Nilifikiri hata kumtafuta mwingine porini, lakini wetu ana jicho moja bovu, na Mama anamjua kuliko anavyonijua mimi.

Niliishia hapo jana. Leo asubuhi tumemkuta Kapita amekufa, ameshika pazia kwa mkono mmoja, rangi yake imekuwa ya majivu.

Mama hakulia. Aliketi na kikombe cha maji, kidonge kiganjani, akimtazama. Chai yangu ilipoa, Samy akapiga honi barabarani kukumbusha barua, Mama bado ameketi vilevile. Mwishowe akakimeza.

"Ya kumusindikiza," akasema. "Mugeni hatoke pekee yake."

Nikamuuliza, na kesho? Akafunga kopo, akalipandisha juu ya kabati.

"Kesho mugeni ni nani?"

Mdogo wangu, wewe ni mtoto wa nyumba hii, lakini umekaa huko mpaka umekuwa mgeni. Nimekulaumu sana kwa hilo, leo nalishukuru. Acha biashara, rudi na Samy huyuhuyu. Usilete kitenge wala samaki. Ukifika, keti pale penye pazia, uombe maji ya kumezea dawa ya kikohozi, wala usiyaguse mpaka Mama ameonja kwanza, kwa kidonge chake. Kopo nitalishusha mimi.

Shangazi Angèle anakusalimu sana. Wanangu Naomie na Henri, waliomzika Kapita nyuma ya jiko, wanauliza utakuja lini. Bwana akufungulie njia, akufikishe kabla miguu ya Mama haijavimba tena.

Ni mimi dada yako akupendaye, ambaye kiti chako ameshakipangusa,
Jocelyne Bilonda