Safu ya Tatu Haikuwa Mvua Tena

Ijumaa, 19 Septemba. Gitega.

Chai, mkate, kompyuta. Programu yangu iliamka kabla yangu, kama kawaida. Imefungua ukurasa wa hali ya hewa, imesoma safu ya tatu, ile ya mvua, imekuta sifuri, imetuma meseji kwa wakulima wa kilima kizima kule Butihinda, kwetu: "Mvua bado. Ngojeni." Mi nilikuwa bado natafuta soksi.

Wenye diploma mjini hapa hawana kitu kama hiki. Mi niliacha shule kidato cha pili, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nikamalizia masomo kwenye simu. Kigoma nimeishi, Dar nimefika, Lubumbashi wananijua. Kilimani wananiita Météo, hali ya hewa kwa Kifaransa. Jina zuri. Nalistahili.

Shangazi Domitila, aliyenilea kambini, anasema mbingu amezitazama maisha yake yote wala hazijawahi kumpigia simu. Mi napiga.

Jumapili, 21 Septemba. Makebuko.

Ubatizo wa mtoto wa rafiki. Maikrofoni nilishika mimi, nani mwingine? Hata padri alicheka. Katikati ya ndizi na nyama simu ikatetemeka: programu imetuma "Mvua kubwa kesho. Pandeni." Nikaitangaza kama mtu aliyeibeba hiyo mvua mgongoni. Makofi. Raha sana.

Jumanne, 23 Septemba. Gitega.

Shangazi kapiga, anapiga kelele kwa furaha. Kilima kimeitana ikibiri: majembe yote kwa mmoja, kisha yote kwa mwingine, mpaka nyumba zote zipande. Wakishaitana hakuna anayebaki nyuma. Maharage yake ya mbegu, yaliyolala na majivu mtungini tangu mavuno, karibu yote yako ardhini.

Nikamuuliza mvua. Bado. Nikamwambia nayo ina foleni yake. Akacheka.

Alhamisi, 25 Septemba.

Jua. Butihinda pia jua. Programu bado inatuma "mvua kubwa".

Nimefungua ukurasa kwa macho yangu mwenyewe. Mara ya mwisho sikumbuki ilikuwa lini. Wameongeza safu. Hawakusema neno kwa mtu. Mvua imesukumwa ikawa ya nne, na pale pa tatu wameweka unyevu wa hewa, sabini na kitu kwa mia. Programu yangu, mjinga mwenzangu, imeona sabini ikadhani ni milimita za mvua. Sabini kila siku! Hiyo si mvua, hiyo ni Nuhu. Na mvua yenyewe, kwenye safu ya nne: sifuri, sifuri, sifuri.

Nimewapigia watu wa kilimani. Nimesema nimekosea, msipande tena. Wamejibu wamekwisha kupanda.

Aibu.

Ijumaa, 26 Septemba.

Nimetengeneza. Isihesabu safu tena, itafute neno la mvua lenyewe popote lilipo. Na namba ikizidi akili, isimame iniulize. Imefanya kazi. Nimecheza peke yangu chumbani, injinia mzima.

Nimewaandikia wenye ukurasa: ndugu zangu, mkibadili kitu, semeni. Limerudi jibu la mashine. Asante kwa maoni yako.

Jumatatu, 29 Septemba.

Wamebadili tena. Hakuna safu, hakuna neno. Picha tu. Kawingu kadogo, kajua kadogo kanacheka. Programu yangu inasoma maandishi, picha haizioni. Nimejaribu mlango huu, mlango ule. Wapi.

Bon. Mtu akihamisha mlango wa nyumba yake, utamshtaki kwa nani? Nyumba ni yake. Mi nilikuwa nachungulia dirishani tu.

Nimeizima.

Jumatano, 1 Oktoba. Butihinda.

Basi hadi Muyinga, kisha pikipiki, vumbi hadi ndani ya masikio. Shambani njiwa wanatembea juu ya matuta kama wageni wa harusi waliowahi chakula. Nimefukua kidogo. Maharage mengine yametoa kamkia keupe, kakakaukia hapohapo. Mengine yameliwa.

Jirani Saidi, fundi wa baiskeli, akanipokea kwa mbali: "Météo! Leo tuvae makoti?" Watu wakacheka. Mi pia nikacheka, kuchekesha si ndiyo kazi yangu. Kisha Saidi akaokota punje moja iliyotobolewa, akaigeuzageuza. Naye alipanda.

Nikawaeleza yote: safu, unyevu, picha. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hiyo mvua hukuiona, mwanangu. Ulisomewa."

"Ndiyo, shangazi."

Hakugomba. Afadhali angegomba.

Alhamisi, 2 Oktoba. Butihinda.

Mtungini zimebaki mbegu za kikombe kimoja. Asubuhi shangazi ameniuliza: azipande au angoje? Ameniuliza mimi, baada ya yote haya.

Nilitoka nje. Mawingu yako upande wa Tanzania, yamesimama, hayaji wala hayaondoki. Nikayatazama mpaka shingo ikauma. Nikaandika meseji kwa kidole changu, nikaituma kwa kilima kizima.

Simu ya shangazi ikalia kiunoni, ndani ya kitenge. Hajui kusoma. Akanipa nimsomee.

"Sijui," nikamsomea.

Akaichukua simu yake. Akafunika mtungi. Tukaenda kukata majani ya mbuzi.