Mzee Anayekohoa Mlangoni

Kingsbury, London

Kaka Severin, Irene ameshinda! Ameshinda, ameshinda, ameshinda! Filamu yao ya midoli imechukua zawadi ya kwanza kwenye tamasha la filamu za watoto hapa London, na waliopiga kura ni watoto wenyewe, ukumbi mzima, si wakubwa wanaooneana haya.

Haya, sasa nirudi kwenye adabu. Shikamoo kaka. Wifi Bridget hajambo? Magoti yake yanasemaje na baridi ya huko Kibosho? Mbuzi wazima? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila mvua ya hapa haina msimu wala aibu. Mimi bado nafanya kazi kwenye ile nyumba ya kulelea wazee, na wazee wangu wote habari wanayo, hata wale wanaosahau majina yao, maana nawaambia upya kila asubuhi.

Kaka, najua hilo neno midoli limekuchoma ulipolisoma. Sijasahau Krismasi ile uliposimama mbele ya ukoo, kisu cha kukatia nyama mkononi, ukasema mtoto aliyeacha masomo ya ufamasia akaenda Ulaya ya mbali kuchezea midoli asikutumie salamu mpaka apate kazi ya mtu mzima. Tena ukaongeza kwamba ukimsalimia Kiswahili anakujibu Kiingereza kama karani wa ubalozi. Watu walicheka. Irene naye alicheka, halafu akaingia ndani, na tangu hapo hajakanyaga nyumbani. Kila nikimwambia twende, ana kazi. Mwanangu haogopi baridi wala njaa, kaka. Anakuogopa wewe.

Basi nikueleze hiyo kazi, maana hata mimi sikuielewa mpaka nilipomtembelea Vilnius, huko Lithuania. Theluji mpaka dirishani! Wako wachache kwenye chumba kama ghala, na mkubwa wao ni mama mmoja mwembamba anaitwa Ruta, hacheki ovyo. Juu ya meza wamejenga kijiji kizima, na kuna mzee wa urefu wa kiganja anamtafuta mbuzi wake aliyepotea kwenye theluji. Mzee huyo kamtengeneza Irene, kuanzia mifupa ya waya mpaka nyusi. Wanamsogeza mguu kidogo tu, upana wa punje ya mchele, wanapiga picha. Wanamsogeza tena, wanapiga picha. Baadaye picha zote zikikimbizwa pamoja, mzee anatembea. Lakini tangu chai ya asubuhi mpaka jioni alikuwa hajafika mlangoni! Nikamwambia Irene hii ni sawa na kulima shamba kwa kijiko. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ni kweli, lakini mahindi yanaota.

Sasa sikia nilichofanya. Walitoka kwenda kula, mimi nikabaki. Nikamtazama yule mzee amesimama nje ya mlango, theluji mabegani, koti wazi kifua chote. Unanijua, kaka. Nikamfunga vifungo, nikamweka kofia sawa, nikampangusa theluji. Waliporudi wakaona. Mmoja alishika kichwa. Kumbe ukishaanza kupiga picha hakuna ruhusa ya kugusa hata jani, maana mzee hawezi kuonekana koti wazi halafu ghafla limefungwa. Kazi ya siku nyingi nimeiua kwa vidole viwili! Irene alitamani ardhi immeze. Ruta akauliza, Irene akitafsiri, kwa nini nimemgusa. Nikasema ukweli, kwamba kwetu mzee hasimami kwenye baridi kifua wazi na mimi nimekaa namtazama. Yule mama akainama kuvitazama vile vifungo, halafu akacheka, wenzake wakatazamana. Akasema basi huyu mzee anahitaji mtu wa kumfunga vifungo. Wakaanza upya, wakaingiza kwenye hadithi binti mdogo wa jirani anayetoka mbio kumfunga koti.

Na pale ndipo watoto wa ukumbi wa London waliposogea ukingoni mwa viti. Jirani yangu Rupa, Mhindi mzaliwa wa Tanga, akasahau kwamba yuko sinema akapaza sauti, eti mfunge na cha juu mwanangu, mpaka wajukuu zake wakamziba mdomo. Zawadi ilipotangazwa nilisimama na kitenge changu nikapiga vigelegele mlinzi akaja mbio. Akakuta watoto mstari mzima wanajaribu kuniiga, akaondoka mwenyewe.

Sasa kaa chini, kaka. Mzee yule, kabla ya kubisha hodi mlango wowote, anakohoa mara mbili. Ana pengo la mbele. Akikasirika nyusi zinakutana. Kofia yake ni ya sufu, ya kijani, ile aliyokufumia wifi. Ni wewe, Severin. Irene hakuniambia, mikono yangu ilikutambua kabla ya macho, ndiyo maana haikungoja ruhusa. Nilipomuuliza, alisema aliagizwa atengeneze mtu ambaye watoto watataka kumfuata popote, na yeye anamjua mmoja tu, mjomba aliyekuwa akimfundisha kuita mbuzi. Watoto walipotoka ukumbini, kaka, kila mmoja alikohoa mlangoni!

Filamu sasa inatafutiwa sauti za Kiswahili. Ruta anapendekeza mwigizaji. Irene amekataa, anamtaka mwenye kikohozi chake. Jana tukiosha vyombo aliniuliza, tena kwa Kiswahili, kimepinda lakini chake mwenyewe, kama Mjomba atamfungulia mlango.  Jibu liko kwako.

Mimi tiketi nimeshakata, za kwangu na zake, maana nakujua kuliko unavyojijua. Mzee anasafiri naye kwenye mkoba, aje akuone. Msalimie wifi sana, wasalimie watoto na majirani, na mwombe padre atuachie ukuta mweupe wa ukumbi wa parokia tuonyeshe filamu. Mimi mdogo wako Marcelina, mama wa mshindi, nautaka ukoo wote pale, asibaki mtu nyumbani, Jumamosi, tarehe ishirini na saba Desemba.