Bonjour, Espérance

...basi nilikuwa nakuambia, Mama Neema, siku ile ya maziko yako, kabla padiri aniangalie vibaya nikanyamaza. Sikumaliza. Sasa niko na karatasi, na padiri hayuko.

Meza yako ya sambaza, tusamaki twa ziwa, iko pale pale. Tunaiosha kila asubui, hatukukalisha mutu. Nikipata habari tamu nageukia upande wako nikuambie, halafu najikumbuka. Dada yangu, hakuna mwenye anajua kusikiliza sawa weye.

Sikia sasa. Saa ile Fiston, ule mwizi wa soko, alikuchoma kisu juu ya simu yako, jua katikati ya kichwa, soko yote ya Mabanga iliona. Polisi bakauliza. "Hatukuona kitu." Hata mimi! Mimi mwenye munaita radio! Unakumbuka vile ulikuwa unasema: "Ukimutaja mwizi kwa polisi asubui, mangaribi mwizi anakuletea salamu." Zamani kidogo, Fiston aliponyanganya Mama Riziki simu, tulimuona sisi wawili, ukaniambia nifunge kinywa. Nikafunga. Fiston akaona watu banaogopa polisi kuliko mwizi, akaendelea tu, mpaka kisu. Sikulaumu, dada. Lakini ule ukimya ndio ulikuua, na mimi niliushika pamoja naweye.

Juzi nikachoka. Nikaenda biro ya polisi mimi mwenyewe, nikataja Fiston. Mwandishi akauliza jina. "Mama Zawadi." "Hapana, ya batizo!" Nikamupa: Espérance. Hiyo jina pale sokoni hakuna mwenye anaijua, hata bwana yangu aliisahau. Kesho yake Fiston anapita mbele ya meza, anachekelea: "Bonjour, Espérance."

Halafu hasira ikanipanda, nami nikapanda juu ya kiti:

"Bamama! Mimi naitwa Espérance! Nilimutaja Fiston, ndiye aliua Mama Neema! Mwenye anauzisha jina yangu amechelewa, leo naigawa bure!"

Fiston akaondoka, anatembea sawa mutu viatu vinamubana. Mama Riziki akasimama: "Na mimi nilimuona. Naitwa Dorothée." Dorothée! Miaka yote tunakaa naye! Kila mama akatoa yake. Yule mwenye anauzisha makala ya kupikia, na mikono ile myeusi, kumbe ni Blanche, ni kusema Mweupe! Tulicheka mpaka machozi, na machozi ikabakia.

Sasa tuko kwenye benchi ya biro, bamama kumi na sita. Mupolisi anasema tuingie mumoja mumoja. Tukamwambia: "Mumoja mumoja ndiyo vile munatuuzishaka kwa Fiston." Tunataka karatasi moja, kila mutu atie kidole. Halafu mupolisi aende amwambie Fiston nani alimutaja. Amutajie soko nzima! Fiston atachoma nani, ataacha nani?

Neema wako anakula kwangu, anakua, anabishana sawa weye. Pumzika, dada. Nakuahidi: hii mudomo haitafunga tena juu ya mwizi, wala juu ya mupolisi mwenye anamubebea habari. Bakitufukuza leo, kesho tunarudia. Na hakuna mutu atakaa kwa meza yako kabla Fiston ajibu kwa damu yako.

Eh, banaita majina tutie kidole. "Dorothée!" Hakuna mwenye anaitika. Mama Riziki amekaa tu, anaangalia mulango, anangoja huyo Dorothée atokee. Wacha nimusukume