Hayakuwa Mahindi Yangu

Nyieka, mke mwenzangu,

Siwezi kukuuliza hali, nawe huwezi tena kuinuka na kwenda kwako kila nikianza maneno. Kwa hivyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukuzike hapa Kano nimekuwa mtu wa kunong'onwa, na sababu unaijua. Mke mkubwa hutangulia kutia mbegu ardhini, mdogo hufuata. Lakini mwaka ule ulikuwa umelazwa Kisumu na kifua chako, mvua ikaja mapema, na mzee wetu akaniambia nipande. Nikapanda. Uliporudi umebaki mifupa, wifi yetu alisimama kati ya kitanda chako na mimi akasema, "Hiyo si kikohozi ya Mungu. Hiyo ni chira." Yaani mwiko umevunjwa, na mvunjaji ni mimi. Hakuna aliyejisumbua kufikiri kwamba ulikohoa ndipo ukalazwa, na ulilazwa ndipo nikapanda. Mahindi yangu, eti, yalikukohoza kabla hayajafika shambani.

Hayo ya wifi ningeyavumilia. Mdomo wake tumeuzoea wote wawili. Kilichoniuma ni wewe. Nilikutazama nikingoja useme neno moja la kunitetea, ukageukia ukuta. Ukafa hujalisema.

Akinyi, mke wa mwanao Otieno, aliamini. Mtoto wao wamempa jina lako, Atieno, na nikipita alikuwa anamfunika uso kwa leso. Chakula cha mkono wangu hakuonja. Mafundisho yako ndiyo aliyashika: jioni anaingiza gogo ndani, anafunga mlango, linafuka mpaka asubuhi. Nyumba inapata joto, na mbu wa mifereji ya mpunga wanakimbia. Masika haya kuni zote zililowa, na moshi kwake ulikuwa mzito hata kuku hawakutaka kuingia.

Mtoto akaugua. Otieno alikuwa kazini mjini, na mzee wetu magoti yake hayafiki barabarani. Akinyi akaja mlangoni kwangu, hakunisalimia, akanipa mfuko wa nguo nibebe. Tukaenda hospitali ya Ahero.

Daktari, mama mmoja mpole, alimpokea mtoto, akanusa leso, akauliza, "Nani anavuta sigara kwa hii nyumba?" Akinyi akasema hakuna. Basi akauliza juu ya moto. Alitueleza kwamba moshi wa kuni una vumbi dogo lisiloonekana kwa macho, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na kukaa huko. Mtoto linamletea nimonia upesi. Mtu mzima aliyeinamia jiko miaka na miaka linammaliza polepole, hata kama hajawahi kushika sigara. Akinyi akamuuliza kama mtu huyo anaweza kukohoa, akakonda, akafa. Daktari alisema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini amewaona wengi. Akinyi akaniangalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nami nilikuwa namtazama mtoto. Mbavu zilikuwa zinazama, mdomo uko wazi, na sauti haitoki. Alitaka kulia akakosa pumzi ya kulilia. Nyieka, hapo ndipo nilipokuelewa. Wewe hukunihukumu. Ulikuwa unatafuta hewa tu, na mimi nikakaa na hasira zangu kukudai maneno.

Atieno amepona. Na juzi, kwenye mashine ya kusaga unga, wifi alipoanza wimbo wake, Akinyi alitua debe chini akamwambia mbele ya wanawake wote, "Wachana na mama mdogo. Mahindi haikuua mtu. Ni moshi."

Nilidhani siku nitakayosikia maneno hayo nitapiga vigelegele. Nilibeba unga wangu nikaja nyumbani nikalia. Maana kama ni moshi, basi ni ule wa mwaka nilipojifungua na Ouma wangu akashikwa na malaria. Tulikuwa hatusemezani, wewe na mimi, kwa ajili ya sufuria. Ulikuja ukamchukua bila kuniomba, ukamlaza kwenye ngozi yako ya kulalia, ukakesha ukichochea gogo ili mbu wasimguse tena. Kupitia ukutani nilikusikia ukikohoa. Ouma leo anainama kuingia mlangoni, na asante yako sikuwahi kuitoa. Naitoa sasa, imechelewa, ipokee hivyo hivyo.

Magogo ya Akinyi sasa yanalala nje. Otieno amemjengea kibanda cha jiko kilicho wazi pande mbili. Mvua inamlowesha mgongo na ananung'unika, lakini moshi unakwenda zake. Neti tumepata moja, iko kwangu, na Atieno analala humo pamoja nami. Ana mateke kama yako.

Pumzika, nyieka. Nakuahidi mtoto huyu sitamwacha alale kwenye moshi maadamu nina miguu. Atakapokua na kuniuliza nyanya yake alikufa na nini, sitamwachia wifi amjibu. Nitamwambia mwenyewe kwamba alikuwa akimfukuzia mbu mtoto wa mke mwenzake.

Mimi,
Mama Ouma