Kibanja Kinachotaka Moshi

Kaagya,
Bukoba, Tanganyika.
21 Juni 1953.

Mpendwa kaka yangu Protase,

Pokea salamu zetu nyingi. U mzima huko Kisumu? Kile kikohozi kimekuachia, au moshi wa magari ya reli bado unakusumbua? Sisi hatujambo, ila magoti ya Mama. Hata hivyo, siku ya meli kufika Bukoba hakai kitako. Anatazama njia mpaka giza linaingia.

Uliniagiza kibanja cha bei nafuu, uweke mtu, uvune kahawa ukiwa hukohuko, halafu ukiuze bei ikipanda. Nimezunguka, kaka, mpaka nyayo zinawaka moto.

Cha Kagoma, kule Muleba, ni rahisi kweli, lakini mwenyewe mjanja huyo! Aliposikia nakuja alitandika nyasi chini ya migomba yote. Nyasi zenyewe mbichi, za jana. Nikazifunua, nikachimba kidogo: mchanga mtupu, rweya, mbuga ya malisho isiyojua samadi. Nikamwambia, waitu, bwana wangu, nyasi umezipanga vizuri, sasa lete ng'ombe.

Cha Kagondo kina kahawa ya kutamanisha. Ila miramula, ile miti ya mpakani, imepandwa juzijuzi, hata mizizi haijashika. Ukinunua pale umenunua kesi.

Kimebaki cha hapahapa kwetu, cha Ma Kokugonza, yule mjane aliyekuwa akikupa senene ukiwa mdogo. Udongo mweusi, migomba minene. Bei aliyoitaja ni ndogo mno hata nikaingiwa na wasiwasi. Nikawauliza majirani kama kuna ugomvi, wakasema hakuna.

Mwisho nilimuuliza mwenyewe. Anahamia kwa binti yake, na mumewe amezikwa pale nyuma ya nyumba. Hatafuti pesa nyingi, anatafuta mtu wa kukaa, awashe moto jikoni kila asubuhi, marehemu asiachwe peke yake. Matajiri wamekuja kutoka mjini, amewakatalia wote.

Kaka, nililia kwa furaha palepale. Ukisimama mlangoni pake unaona kwetu. Mama angekuita tu kwa sauti chakula kikiiva. Nisamehe, umeniagiza faida, nami nakuandikia hamu yangu. Nimekukumbuka jamani, we acha tu!

Nilijaribu kukutetea. Nilisema nitakwenda mimi kuwasha huo moto mpaka utakaporudi. Akanitazama kwa huruma. "Na ukishawaka, mwanangu, utampikia nani?" Nikamwomba angalau akungoje. Amekubali kukungoja mpaka tumalize kuanika kahawa, basi.

Shemeji yako Kamugisha anakusalimu sana. Jovita wangu naye anakusalimu, na kila mara ananiuliza mjomba ana sura gani. Mama anakuombea kwa Bikira Maria akulinde na akufungulie njia ya nyumbani.

Habari za kibanja hiki sijamwambia. Nikimwambia tu, ataanza kukuwekea chakula.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kemilembe